Kibali cha Ndege Tupu

Aciro alikuwa mkaguzi wa ndege, na katika miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kupendwa uwanjani. Marubani walimsalimu kwa adabu kisha wakajitafutia shughuli nyingine. Mafundi walimwita Madamu Hapana, si mbele yake, ingawa alijua. Alikuwa Muacholi, binti wa sajini mstaafu, aliyekulia katika kambi ya jeshi ya Mbuya ambako Kiswahili kilimwingia kinywani kabla ya Kiingereza cha shule. Aliishi peke yake ghorofa ya tatu huko Bugolobi, Kampala, na kila asubuhi gari la ofisi lilimpeleka uwanja wa ndege wa Entebbe na jioni likamrudisha.

Mlango uliopakana na wake ulikuwa wa Kavugho, Mkongomani aliyekuwa na duka dogo la vitenge mjini. Kavugho alitangulia Kampala kujenga biashara. Binti yake Exaucée, mwenye miaka tisa, alibaki Bunia, mashariki mwa Kongo, kwa bibi yake, ambaye nyumba nzima walimwita Koko, ili amalize mwaka wa shule. Likizo ikifika, wangekuja wote wawili. Kabla likizo haijafika, waasi wakasogea karibu na mji. Malori yakachomwa kwenye barabara ya kuja mpakani, watu wakashushwa kwenye magari, na wengine hawakuonekana tena. Ikabaki njia ya angani.

Kampuni kubwa za ndege zilikuwa zimeacha kwenda Bunia. Aliyebaki ni Tarcisio, mfanyabiashara wa Kampala mwenye ndege mbili ndogo za injini mbili, kuukuu, zilizopakwa rangi ya buluu juu ya rangi nyingine. Wakongomani walimwombea kanisani kwa jina. Kavugho aliwakatia Koko na Exaucée tiketi za Ijumaa, akanunua godoro jipya, akaliegemeza ukutani sebuleni likiwa bado na nailoni yake.

Jumatano ya wiki hiyo Aciro alikwenda kukagua ndege moja ya Tarcisio. Ulikuwa ukaguzi wa kawaida tu. Fundi alifungua kifuniko chini ya bawa, Aciro akaingiza tochi na kioo kidogo, na pale kwenye chuma kikuu kinachobeba bawa lote akaona mstari mwembamba kama unywele. Alidhani ni uchafu. Akausugua kwa kidole, haukutoka. Akapaka dawa ya kuonyesha nyufa, akasubiri, akafuta, na mstari ukarudi ukiwa mwekundu na mrefu kuliko alivyofikiri.

"Chuma hiki kiliwahi kutengenezwa?" aliuliza.

"Kiliwahi, madamu. Ndege zote mbili zilitengenezwa pamoja, na mafundi walewale."

"Nyingine iko wapi?"

"Imetoka asubuhi. Iko Bunia."

Aciro alisimamisha zote mbili kabla ya saa sita mchana. Sheria haikumwachia nafasi ya kufikiri sana, na hata bila sheria angefanya vilevile. Injini ikizimika angani, rubani mzuri anaweza kuitua ndege kwa injini iliyobaki. Bawa likikatika, uzuri wa rubani hauna kazi.

Alipofika nyumbani jioni, Kavugho alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu mkononi. Alisimama alipomwona.

"Dada Aciro, wanasema serikali imefunga ndege ya Tarcisio. Wewe unafanya kazi kule. Niambie ni mukubwa gani amefunga, nimwendee mimi mwenyewe. Nitapiga magoti."

Aciro alikuwa na funguo mkononi. Angeweza kusema ni ofisi, na asingekuwa amedanganya.

"Ni mimi, Mama Exaucée," alisema. "Ndege ina ufa kwenye bawa."

Kavugho alimtazama kama mtu anayesubiri maneno mengine. "Ufa," alisema hatimaye. "Mkubwa?"

"Mdogo. Lakini pale ulipo, hata mdogo unaua."

"Na ile iko Bunia, nayo umeiona ufa?"

"Sijaiona. Ilitengenezwa pamoja na hii."

"Basi hujui."

"Sijui," Aciro alikubali. "Ndiyo maana siwezi kuiruhusu."

Kavugho aliingia kwake na kufunga mlango taratibu. Aciro alikaa jikoni bila kuwasha jiko. Ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa mwembamba, akasikia sauti ya Kavugho ikizungumza Kinande kwenye simu, ikipanda na kushuka, kisha ikawa kimya. Alitamani kutoka nje kutembea kidogo, lakini kutoka kungemaanisha kupita mbele ya mlango ule.

Kesho yake Tarcisio alikuwa ofisini kabla yake. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na alikuwa ameketi mbele ya meza ya Okullo, mkuu wa idara ya Aciro.

"Mimi sibishani na ufa," Tarcisio alisema. "Ufa upo, nitautengeneza. Nataka mnijibu neno moja tu. Mmefunga ndege zangu. Je, watu wa Bunia wamekoma kukimbia? Wataingia barabarani. Huko barabarani kuna mkaguzi? Kuna mtu anauliza breki za lori, au anauliza mwenye bunduki ana leseni? Serikali inanisimamia mimi kwa sababu mimi naonekana. Yule wa barabarani haonekani, basi yeye yuko huru."

Okullo alimgeukia Aciro ili amjibu yeye.

"Barabarani sina mamlaka," Aciro alisema. "Ningekuwa nayo, ningeifunga pia."

"Ukishafunga zote, watu wapite wapi?"

 Aciro alikuwa ameliwaza swali hilo kitandani, na kila alipolizunguka alirudi palepale. Mtu anayekata tiketi haoni ndani ya bawa, hawezi kupima chuma wala kuuliza nani alikitengeneza. Anapanda kwa kuamini kuwa kuna mwingine aliyetazama, na huyo mwingine alikuwa Aciro. Siku ambayo angesema ndiyo kwa sababu ya huruma, kila ndiyo aliyowahi kusema ingekuwa haina maana. Lakini watu wa Bunia hawakuwa wamemwomba awahakikishie usalama. Walijua hatari yao na walikuwa tayari kuichagua, na yeye ndiye aliyesimama mlangoni.

Tarcisio aliomba jambo la pili. Mji ungeweza kuanguka wakati wowote na ndege yake ingeporwa au kuchomwa. Sheria inaruhusu ndege yenye hitilafu irudishwe kwenye matengenezo ikiwa na rubani na msaidizi wake peke yao, bila abiria wala mzigo. Alikuwa anaomba kibali hicho. Rubani wake, Guerschom, alikuwa tayari.

"Bila mzigo bawa halichoki sana," Okullo alisema. "Ni wewe unayejua, Aciro."

Aciro alimpigia Guerschom simu palepale, mbele yao. Rubani huyo Mkongomani alikuwa anajulikana kwa kuruka vizuri na kuongea kidogo. Alimweleza juu ya ufa, akamweleza jinsi ya kufungua kifuniko na mahali pa kutazama. Guerschom alikwenda, akarudi kwenye simu baada ya muda, akasema ameangalia kwa tochi ya simu na haoni kitu, ila pamejaa grisi na hana dawa ya kupaka.

"Unakubali kuirudisha?" Aciro aliuliza.

"Nakubali. Viti vitarudi vitupu, madamu?"

"Vitupu."

"Watu wamejaa kwenye seng'enge ya uwanja hapa. Wananiona nikiongea na wewe."

"Guerschom. Kibali ni cha ndege tupu."

"Nimesikia," alisema.

Aciro akatia sahihi. Ndege ingerudi Ijumaa asubuhi, siku ileile ya tiketi za Koko na Exaucée.

Jioni hiyo Kavugho hakusubiri kwenye ngazi. Alibisha hodi, akaingia, akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa. Habari zilikuwa zimemfikia. Kila Mkongomani wa Kampala alikuwa na mtu kwenye ile seng'enge.

"Ndege inakuja," alisema.

"Inakuja tupu."

"Mimi siombi kumi. Naomba mutoto moja na muzee moja. Mama yangu amekonda sana, dada. Ukimbeba ni kama kuku. Hawawezi kuvunja bawa."

"Nikimruhusu wako, nimkataze wa nani?"

"Wengine sijui. Wengine wanao watu wao wa kuwaombea. Mimi ninaye wewe tu."

Aciro aliketi karibu naye. "Sikiliza, Mama Exaucée. Rubani anaruka kwa sababu ni kazi yake na anaijua hatari. Nikiweka mtoto ndani na bawa likakatika juu ya ziwa, nitakuja kukuambia nini?"

"Utaniambia ulijaribu." Kavugho alikuwa halii. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Sasa wakimkamata barabarani, utaniambia nini? Kwamba ndege ilipita juu yake na viti vitupu?"

Walikaa hivyo mpaka taa za barabarani zikawaka.  Aciro hakuweza kumwomba aondoke, na Kavugho alionekana hajui aende wapi, kwani upande wa pili wa ukuta kulikuwa na godoro lile kwenye nailoni. Mwishowe aliinuka, akasema usiku mwema kama jirani yeyote, akaenda.

Ijumaa Aciro alisimama penye maegesho ya ndege huko Entebbe pamoja na fundi. Ndege ya buluu ilitokea juu ya ziwa ikiwa chini kidogo kuliko alivyopenda. Ilitua polepole mno, kama mtu anayeweka mayai mezani, ikatembea hadi walipokuwa, injini zikazimwa. Mlango haukufunguka mara moja.

Ulipofunguka, Guerschom alikuwa amesimama hapo, shati limelowa jasho.  Alisogea pembeni.

Ndani hakukuwa na viti. Sakafu nzima ilikuwa imejaa watoto. Walikaa wakiwa wamebanana, magoti yamekunjwa hadi kidevuni, wakubwa wamewapakata wadogo, wote wamefungwa pamoja kwa kamba za mizigo zilizopita kutoka ubavu mmoja wa ndege hadi mwingine.  Walimtazama Aciro kana kwamba yeye ndiye angeamua kama wafunguliwe au warudishwe.

"Niliondoa viti," Guerschom alisema. "Viti ni vizito. Wazazi walikuwa wanawapitisha juu ya seng'enge. Nilisema watoto tu, kwa sababu ni wepesi."

Aciro aliacha karipio lisubiri. Akapanda ndani na kuanza kufungua kamba. Vifundo vilikuwa vimekazwa kwa nguvu. Karibu na mkia wa ndege alimkuta msichana aliyevaa sweta ya shule, akimshikilia mtoto mchanga wa watu wengine. Alimjua kwa picha iliyokuwa kwenye simu ya Kavugho.

"Exaucée?"

Msichana aliitika kwa kichwa.

"Koko yuko wapi?"

"Alinisukuma juu," Exaucée alisema. "Akabaki."

Watu wa uhamiaji na wa wakimbizi waliitwa, watoto wakapewa maji na biskuti, wakaanza kuandikwa majina. Aciro alimpigia Kavugho simu akamwambia aje Entebbe, mtoto yupo. Upande wa pili hakusikia kelele wala shukrani. Alisikia kiti kikianguka, kisha simu ikakatika.

Yeye alirudi kwenye ndege. Fundi alikuwa amefungua kifuniko cha bawa na kusafisha grisi. Hapakuhitajika dawa. Ufa ulionekana kwa macho, umeshapita nusu ya chuma, na ulipomulikwa ncha yake ilikuwa inang'aa, maana yake sehemu hiyo ilikuwa imefunguka hivi karibuni, pengine asubuhi ileile.

"Safari moja zaidi?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Pengine hata hii haikupaswa kufika."

Aliandika taarifa yake siku hiyohiyo. Hakuongeza wala kupunguza. Okullo aliisoma, akavua miwani, akamuuliza kama hakukuwa na namna ya kusema ndege ilirudi na jambo la watoto likaachwa kwa watu wa wakimbizi. Alikuwa mtu mwema na aliuliza kwa wema. Aciro alimwambia kwamba rubani aliyepakia watoto kwenye ndege iliyokatazwa akiachwa, wiki ijayo atatokea mwingine atakayepakia watu kwa fedha na kusema alikuwa anaokoa. Okullo akatikisa kichwa, akaweka muhuri.

Guerschom alisikilizwa na kamati ya leseni mjini Kampala, katika chumba kisichokuwa na dirisha lililofunguka. Aciro alikaa upande mmoja wa meza, yeye upande wa pili, na kwenye viti vya nyuma walijaa wazazi wa Kikongomani, Kavugho akiwa miongoni mwao. Joto lilikuwa kali. Mwenyekiti alimuuliza Guerschom kama alielewa kibali kilisema nini.

"Nilielewa."

"Kwa nini ulikivunja?"

"Sikuona namna ya kuondoka pale," Guerschom alisema. "Ningeondoka na ndege, lakini mimi mwenyewe nisingeondoka."

"Uliamini ndege ni salama?"

Alifikiri. "Hapana. Madamu aliniambia, na mimi namwamini. Njia yote nilikuwa nasikiliza bawa."

Kwenye viti vya nyuma mtu alianza kulia, akanyamazishwa. Aciro aliulizwa maoni yake. Alisimama, akaeleza juu ya ufa kwa maneno machache, akasema kwamba kwa sheria ilivyo na inavyopaswa kuwa, leseni haiwezi kubaki. Alipoketi hakugeuka nyuma. Leseni ikachukuliwa kwa miaka mitatu. Guerschom alikuja kumpa mkono kabla ya kutoka, na mkono ule ulikuwa mgumu kwake kuushika kuliko kama angemtukana.

Baada ya hapo Kavugho hakuzungumza naye. Walikutana kwenye ngazi, Kavugho akapita akiambaa ukuta. Exaucée peke yake ndiye aliyeendelea kumwamkia, "Shikamoo tantine," akimwita shangazi kwa Kifaransa, kila asubuhi akiwa na begi jipya la shule, na mama yake hakumkataza wala hakumhimiza. Aciro alifikiri kuhama. Alitazama nyumba Kibuli, akatazama nyingine Kasubi, akaziacha. Hakutaka ionekane kwamba anakimbia, na pia hakujua angekwenda wapi ambako asingekuwa yeye.

Tarcisio alibadilisha vyuma vya mabawa yote. Ilichukua miezi. Aciro alikagua mwenyewe kila hatua, akakataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Ndege zote mbili zilikuwa nzima kuliko zilivyowahi kuwa. Wiki iliyofuata uwanja wa Bunia ukafungwa kwa sababu ya mapigano, na ndege zikabaki zimeegeshwa palepale Entebbe, zimeruhusiwa na hazina pa kwenda.

Siku ambayo habari hiyo ilitangazwa redioni, Kavugho alibisha hodi. Alikuwa amebeba sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na wali, imefunikwa. Aliiweka mezani, akaketi kwenye kochi lilelile.

"Mama yangu yuko kambini, nje ya mji," alisema. "Simu yake inapatikana siku moja, siku tatu haipatikani. Anasema miguu imevimba. Anamuuliza Exaucée kama amekula."

"Pole, Mama Exaucée."

"Nataka kukuuliza kitu, unijibu bila kunificha." Alitazama mikono yake. "Siku ile unatia sahihi kile kibali. Kama ungejua Guerschom atapakia watoto, ungekataa?"

Aciro alijua jibu, na alijua pia kwamba kuna jibu jingine ambalo lingewarudisha wote wawili kwenye ujirani wao wa zamani. Kupitia ukuta alisikia Exaucée akisoma kwa sauti kitabu cha shule, akijikwaa kwenye maneno ya Kiingereza.

"Ningekataa," alisema.

"Hata leo, umemwona, unamsikia?"

"Hata leo."

Kavugho aligeukia ukuta ule. "Basi namshukuru Mungu kwamba hukujua," alisema, na haikuwa sauti ya hasira. "Na sijui nikufanye nini, dada. Nimekaa na wewe kwenye moyo wangu miezi yote hii, sijui nikuweke wapi."

"Na mimi sijui."

"Kula, chakula kinapoa."

Aciro alinawa mikono, akaanza kula. Kavugho akatoa simu kwenye mkoba na kupiga namba ya mama yake. Sauti ya mwanamke wa mtandao ilisema kwa Kifaransa kwamba mteja hapatikani. Alisubiri kidogo, akapiga tena. Aciro aliacha kutafuna ili asikilize kama safari hii itaita.